Nani Ana Ufunguo?

Saa saba mchana, jua la Nyakach likiwa limesimama utosini, kivuli ni mali. Katika soko kama la Sondu, mti mmoja mkubwa hubeba kazi ya idara nzima. Mama muuza omena ameliegemeza beseni lake kwenye mzizi. Kijana wa boda boda amelala chali juu ya pikipiki, kisigino kwenye usukani. Wazee wawili wanamalizia habari ya fahali aliyeuzwa asubuhi, na mtoto aliyefukuzwa shule kwa ajili ya karo anachora vumbini kwa kijiti. Jua likihama nao huhama, hatua moja moja, kama akrabu ya saa, wala hakuna aliyetoa amri.

Hakuna ofisi itakayouandika mti huo kwenye orodha ya bustani za umma. Hauna lango, hauna jina, hauna bango la mfadhili. Lakini kupumzika, kungoja, kupeana habari na kumwangalia mtoto huku biashara ikiendelea ndizo kazi za bustani ya mtaa, na hapa zinafanyika bila shilingi moja ya bajeti. Anayetaka kuboresha mahali pa aina hii ana namna mbili za kuanza. Anaweza kuleta tingatinga na mchoro. Anaweza pia kukaa chini ya mti na kuuliza.

Sondu ni mahali pagumu, na kwa hiyo pazuri, pa kuulizia. Mji huu uko pale barabara kuu itokayo Kisumu kupitia Ahero inapoufikia mto Sondu kuelekea Oyugis na Kisii. Mto wenyewe unatoka msitu wa Mau, unapita nchi ya chai, na kuishia Ghuba ya Winam. Soko limekaa mpakani: upande huu Nyakach ya kaunti ya Kisumu, upande ule kaunti ya Kericho, na watu wa Homa Bay, Kisii na Nyamira hawatoki mbali. Ndizi, mananasi, samaki na mifugo hukutana hapa, na pamoja navyo Kijaluo, Kikipsigis, Kikisii na Kiswahili cha kupatana bei. Mpaka huohuo unaoleta wateja umewahi kuleta maafa. Mwaka 2023 mapigano kati ya jamii za pande mbili yaliua watu na kufunga biashara. Katika mji wa namna hii, neno "wakazi" lenyewe linahitaji kuulizwa: wakazi gani?

Sheria ya Kenya haikwepi swali hilo. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na kifungu cha 184 kinataka wakazi washiriki katika utawala wa maeneo ya miji. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaongeza kwamba mwananchi apewe habari mapema, asije akaitwa kupigia makofi jambo lililokwisha kuamuliwa. Kwenye karatasi, basi, hata benchi la mbao haliwekwi sokoni kabla watu hawajaulizwa.

Kwenye karatasi.

Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilitoa hukumu ambayo kila karani wa kaunti angefaa kuibandika ukutani. Wananchi wa Kiambu walikuwa wamepinga Sheria ya Fedha ya kaunti yao ya 2013, na mahakama ikaitupilia mbali kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji George Odunga alieleza kwamba tangazo la gazetini peke yake halitoshi. Wanaotaka maoni ya watu wawafuate makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na kwenye redio za lugha za nyumbani. Kesi ilikuwa ya ushuru, si ya bustani, lakini mkono wake unafika mbali. Huku Sondu maana yake iko wazi. Tangazo likipita Ramogi FM, redio ya Kijaluo, peke yake, nusu ya soko haijaambiwa. Lazima lipite na Chamgei ya Kikalenjin, lipite na Egesa ya Kikisii, kisha lisomwe kwa Kiswahili kwenye steji ya matatu.

Hata tangazo likifika, bado kuna baraza lenyewe. Aliyewahi kuhudhuria anaijua sura yake: meza mbele, viti vya plastiki vya wageni waheshimiwa, maombi, salamu za itifaki zinazokula nusu saa, kisha mtaalamu anafungua mchoro. Mchoro ni wa kutazamwa kutoka juu, kama ndege anavyoiona dunia. Watu wanaitikia kwa vichwa. Mzee mmoja anashukuru serikali, kijana mmoja anauliza kazi zitagawanywaje, karatasi ya mahudhurio inazungushwa, soda zinatolewa. Kesho yake ripoti inasema jamii imeshirikishwa.

Ni nani hakuwapo? Mama wa omena hakuwapo, kwa kuwa baraza liliitwa saa nne asubuhi, na saa nne ndiyo saa yake ya kuuza. Msichana wa darasa la nane hakuwapo, alikuwa shuleni. Mtu wa kiti cha magurudumu hakuupanda mlima wa ofisi ya chifu. Kukosekana kwao hakuonekani kwenye kumbukumbu za kikao. Huja kuonekana miaka miwili baadaye, wakati bustani ina sanamu na chemchemi isiyotoa maji lakini haina mahali pa kumbadilisha mtoto nepi.

Mfano wa kufanya vingine uko Nairobi, Kibera. Mwaka 2006 wanafunzi wa usanifu na mipango kutoka Chuo Kikuu cha Harvard, ambao baadaye walianzisha shirika la Kounkuey Design Initiative, walifika Soweto East na kukuta bonde la kijito lililogeuzwa jaa. Hawakuja na mchoro wa bustani. Waliuliza wakazi wanataka nini, na majibu hayakufanana na picha ya bustani iliyo kwenye vichwa vya wengi. Watu walitaja mafuriko, choo, mahali pa watoto kucheza, na riziki. Hakuna aliyeona ajabu kuyataja yote kwa pumzi moja. Kwa mtu wa Kibera hayo si mambo manne. Ni asubuhi moja.

Kwa hiyo mahali palipojengwa palikuwa mchanganyiko. Kingo za kijito zilizuiwa kwa mawe yaliyofungwa ndani ya matundu ya waya. Kivuko kikawekwa, na uwanja wa watoto, na banda la mikutano, na vibanda vya biashara. Kikundi cha wakazi kikatengeneza mbolea kutokana na taka, na kingine kikasuka vikapu kwa magugu maji, hayohayo yanayowasumbua wavuvi wa Kisumu. Miaka ilivyosonga, maeneo ya aina hiyo katika Kibera yalipita kumi, na kila moja lina umbo lake kwa kuwa kila kona ya mtaa ilikuwa na kero yake.

Siri ya maeneo hayo, kama ipo, haiko kwenye saruji. Iko kwenye ufunguo. Nani anafungua choo alfajiri? Nani anapokea shilingi chache za jerikeni la maji, nani anaziandika, na nani ana haki ya kulitazama daftari? Katika mpango wa Kibera vikundi vya wakazi ndivyo vinavyoendesha mahali, na mapato ya maji, vyoo, ukumbi na vibanda hurudi kwenye matunzo. Bembea ikikatika mnyororo haingoji bajeti ya mwaka ujao. Bustani nyingi za Afrika Mashariki hazifi siku ya kujengwa vibaya. Hufa ule mwezi wa saba, taa ya kwanza inapoungua na kila mmoja anamtazama mwenzake.

Ufunguo una upande wake mchungu pia. Mwenye kushika choo ameshika pesa, na mwenye pesa hupata maadui. Vikundi vya wakazi si malaika: huwa na mwenyekiti asiyetoka, mweka hazina aliyehamia kwa shemeji yake, na ugomvi wa viti. Anayesema "jamii itasimamia" bila kusema jamii ipi, kwa muda gani na kwa daftari gani, hajasema kitu.

Kisha kuna suala la kuuelewa mchoro. Mwaka 2012 UN-Habitat ilishirikiana na Mojang, kampuni ya Sweden iliyotengeneza mchezo wa kompyuta wa Minecraft, katika mpango ulioitwa Block by Block. Mahali pa mwanzo pa majaribio palikuwa uwanja wa Silanga, Kibera. Katika mchezo huo mtu hujenga dunia kwa matofali ya kufikirika, moja juu ya jingine, kama mtoto na vibiriti. Uwanja ukajengwa kwanza kwenye kompyuta, kisha watu wakaingia humo kutembea, kubomoa na kupanga upya: lango lije huku, taa ziende kule. Kijana ambaye hajawahi kushika rula ya msanifu aliweza kumwonyesha mhandisi anachomaanisha. Mpango huo baadaye ulienea nchi nyingi, na bustani ya Jeevanjee katikati ya Nairobi nayo ilipitia vikao vya aina hiyo.

Kompyuta si lazima, hata hivyo. Soko la mashambani linaweza kufanya hivyohivyo kwa kamba, vigingi vya miti na ndoo ya majivu. Mstari wa majivu unachorwa ardhini kwa kipimo chenyewe: hapa benchi, hapa njia, hapa choo. Watu wanatembea juu yake. Dakika kumi hazipiti kabla mama mmoja hajasimama kwenye mlango wa choo cha majivu na kusema kwamba kutoka pale kila aliye kwenye steji atamwona akiingia. Mchoro wa karatasi ungemnyima neno hilo, kwa sababu kwenye karatasi choo ni kisanduku na steji ni kisanduku, na visanduku havina macho.

Macho ndiyo hasa. Mjini Vienna, Austria, watafiti wa miaka ya 1990 waligundua kwamba wasichana walikuwa wakitoweka bustanini wakikaribia umri wa miaka 10, huku wavulana wakibaki. Hakuna aliyewafukuza. Palikuwa na kiwanja kimoja kikubwa cha mpira, wavulana wakakitawala, na pembeni hapakuwa na mahali pa msichana kukaa bila kuonekana anatazama tu. Mwaka 1999 bustani mbili za wilaya ya Margareten zilipangwa upya: uwanja ukagawanywa, viwanja vya voliboli na badminton vikaongezwa, njia zikapanuliwa. Wasichana wakarudi. Benki ya Dunia nayo, mwaka 2020, ilitoa kitabu cha mwongozo wa kupanga miji kwa kuzingatia jinsia, kilichoandaliwa na Kounkuey, shirika lilelile la Kibera. Mtu wa Sondu hahitaji kwenda Vienna ili aamini. Apite tu kwenye uwanja wowote wa shule Jumamosi jioni, ahesabu wanaocheza na wanaobeba maji pembeni.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Dunga, ufuo wa wavuvi kilomita chache kusini mwa jiji la Kisumu, wenye kinamasi cha mafunjo na ndege wa kuvutia watalii. Kuanzia 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, Helena Kraff na Eva Maria Jernsand, walifanya kazi na wakazi hapo ili kuboresha utalii wa mahali: alama za kuonyesha njia, utunzaji wa taka, safari za kuongozwa. Vikao vilikuwa vingi, karatasi za manila zikajaa, vitu vikajaribiwa kwa mikono. Lakini kilichoipa kazi ile uzito ni kile Kraff alichoandika mwishoni. Tasnifu yake ya 2018 haikuimba sifa za ushirikishaji. Ilichambua mitego yake. Neno "jamii", aliona, hufunika tofauti kati ya mvuvi, mwongozaji watalii na mwanamke mchuuzi. Mradi unaowashirikisha baadhi unaweza kuzidisha pengo kati yao na wenzao. Mgeni huja na kuondoka. Mkazi hubaki na jirani aliyekasirika.

Ukweli huo unauma, na ungestahili kusomwa kwa sauti kabla ya kila uzinduzi. Mara nyingi wanaoitwa mkutanoni ni walewale: viongozi wa vikundi vilivyosajiliwa, wenye simu inayopokelewa, wenye Kiingereza kidogo. Baada ya mradi wa tatu wanakuwa wakazi kwa taaluma.

Lakini kabla ya yote hayo kuna ardhi. Hapa historia ya Kenya ina kovu. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, zikiwemo bustani, viwanja vya michezo na hata vyoo vya umma. Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walipigwa mabomu ya machozi wakiandamana kudai uwanja wao uliozungushiwa ukuta. Picha za watoto wenye sare wakijifuta macho zilizunguka dunia.

Bustani zinazopendwa zaidi Nairobi zipo kwa sababu kuna watu waliogoma kuziachia. Jeevanjee ilitolewa kwa ajili ya watu wa mji na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mnamo 1906. Mwaka 1991, ulipotokea mpango wa kuijengea, mjukuu wake Zarina Patel alisimama kuupinga, na bustani ikabaki. Miaka miwili kabla, 1989, Profesa Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park, iliyofunguliwa 1969. Alitukanwa bungeni, ofisi za shirika lake zikahamishwa, na jengo halikujengwa. Uhuru Park hiyohiyo ilipofungwa mwaka 2021 kwa ukarabati, malalamiko yaliyosikika yalikuwa ya namna nyingine: kwamba mipango haikuwekwa wazi, kwamba miti inakatwa na hakuna aliyeulizwa. Bustani iliyookolewa na sauti za watu ikakarabatiwa huku watu wakichungulia kupitia mabati.

Kwa Sondu, basi, swali la kwanza si la benchi bali la hati. Kipande kile cha ardhi kimepimwa? Kimeandikwa kwa nani, na kaunti ipi? Marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Miji yalitambua masoko yenye watu 2,000 na zaidi, na miji yenye 10,000, kama ngazi zinazostahili mpango wake. Lakini sheria haikuwaza sana juu ya soko ambalo ushuru wake una wakusanyaji wawili. Mwenye kibanda upande huu analipa Kisumu. Jirani yake, hatua chache tu kutoka hapo, analipa Kericho. Taka zao zinaoza pamoja. Bustani ikijengwa na kaunti moja, hata kwa nia njema, inaweza kusomwa na upande wa pili kama bendera iliyosimikwa. Pengine hapa, kuliko Nairobi au Kisumu, kuuliza watu si adabu tu. Ni kinga.

Na watu wa bonde hili hawaanzi kujifunza leo. Mradi wa umeme wa Sondu-Miriu, wenye uwezo wa megawati 60 na uliojengwa kwa mkopo wa Japani, ulipoanza, wakazi walilalamikia vumbi, maji, fidia na ajira. Malalamiko yakafika mpaka Tokyo. Mwaka 2001 iliundwa kamati ya kiufundi ambamo wawakilishi wa wananchi waliketi pamoja na kampuni ya umeme ya KenGen na mashirika ya kiraia, kero zikichambuliwa moja moja. Haikumfurahisha kila mtu. Ilichofanya ni kuyahamisha malalamiko kutoka barabarani hadi mezani, penye kumbukumbu za kikao na ahadi yenye tarehe.

Kamati ya kivuli na benchi ni kitu kidogo mno ukilinganisha na mtambo wa umeme. Inaweza kuanza bila mfadhili. Watu wanne wenye madaftari, wawili wa upande huu na wawili wa upande ule, wakikaa sokoni siku ya soko na siku isiyo ya soko, saa moja asubuhi, saa saba na saa kumi na mbili jioni. Waandike nani ameketi wapi, nani amesimama kwa kukosa pa kuketi, watoto wanachezea wapi, wanawake wanajisaidia wapi na wanalipa kiasi gani. Waandike maji ya mvua za masika yanatuama wapi, kwa kuwa benchi lililowekwa dimbwini ni ufugaji wa vyura. Waulize miti ya kupanda: ng'owo, ule mkuyu ambao Wajaluo huuheshimu, una kivuli kipana lakini mizizi yake hutaka nafasi, siala hukua upesi na mbao zake zinajulikana, mwembe utapendwa na watoto na kulaaniwa na wenye vibanda vya mabati msimu wa matunda.

Swali la mwisho kwenye daftari liulizwe kwa kila mtu peke yake, si kwenye kikao, maana kikaoni kila mtu hujibu "kamati". Choo kikijengwa, ungependa ufunguo akae nao nani? Waandike jina lililotajwa. Kisha waende kwa mtu huyo, popote alipo sokoni, wamuulize kama atakubali, na huamka saa ngapi.